Hilux ya zamani ya otomatiki: gia ikisumbua, kagua hivi kabla haijashushwa

Mwenye pikapu ya otomatiki akifika gereji na kusema gia zinasumbua, jibu analopewa mara nyingi ni moja: giaboksi imekwisha, tafuta nyingine. Kwa pikapu za Toyota zilizofungwa giaboksi za familia ya A340, hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Giaboksi hizo za Aisin zina gia nne, na ya nne ndiyo overdrive (gia ya mwendo wa kasi, inayopunguza mzunguko wa injini), inayoruhusiwa au kuzuiwa kwa kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Utazikuta kwenye Hilux, Hilux Surf, na Tacoma za 1995 hadi 2004. Hata Jeep Cherokee ya zamani ilifungwa ndugu yake kwa jina la AW4. Ni giaboksi ngumu. Vinavyoisumbua zaidi viko nje yake: oili, waya, sensa, rejeta, na mfumo wa kupooza injini. Vyote hivyo hukaguliwa bila kushusha kitu.

Namba nitakazotaja ni za matoleo ya miaka ya 90 yenye waya wa kikdauni (unaounganisha throto, yaani mlango wa hewa ya injini, na giaboksi) na dipstiki ya giaboksi. Mpangilio wa kukagua unafaa kwa otomatiki nyingi za zamani, ila vipimo fuata kitabu cha gari lako.

Kabla ya dalili yoyote: oili

Endesha gari dakika ishirini hivi mpaka oili ipate moto. Simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kanyaga breki, na injini ikiwa inaunguruma pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L, kisha urudishe P. Injini ikiendelea kuunguruma, chomoa dipstiki, ifute, irudishe yote hadi mwisho, ichomoe tena. Soma kwenye alama za HOT. Ukipima injini ikiwa imezimwa, oili ya juu inakuwa imeshashuka kwenye sampo (karai la oili chini ya giaboksi) na dipstiki itakuonyesha kiwango kizuri ambacho hakipo.

Sasa dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya tishu na uiache dakika moja. Oili nzima husambaa ikibaki nyekundu au ya waridi. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi, na katikati ya doa kumebaki vumbi jeusi lenye harufu ya kuungua, pleti za klachi zimeanza kuliwa. Geuza tishu kwenye jua: ukiona vimetameta vya chuma au vya rangi ya shaba, usiendelee na safari ndefu.

Giaboksi haili oili kama injini. Ikiwa imepungua, inavuja. Tafuta kwenye gasketi ya sampo, kwenye sili ya nyuma inapoingia propela, kwenye mabomba mawili yanayokwenda kwenye rejeta, na pale giaboksi inapoungana na injini. Oili nyekundu ikidondoka sehemu hiyo ya mwisho, mara nyingi ni sili ya mbele, na hiyo lazima giaboksi ishuke. Oili iliyozidi nayo ni tatizo: huchapwa ndani ikatoa povu, na povu halisukumi klachi.

Aina ya oili huandikwa kwenye dipstiki yenyewe. Za miaka ya 90 ni Dexron II au III. Zilizofuata nyingi ni T-IV. WS ni ya matoleo ya baadaye, na mengi ya hayo hayana hata dipstiki. Usinunue ATF (oili ya otomatiki) iliyopimiwa kwenye chupa ya maji. Rangi nyekundu ni rangi tu ya kutiwa, haithibitishi chochote. Na asikudanganye mtu kuweka oili 90 (ya giaboksi za manyuo) kwenye otomatiki eti ni nzito na italinda. Itaua pampu na valvu.

Ukibadilisha oili kwa kufungua nati ya sampo hutoka lita mbili hivi, ilhali giaboksi nzima hubeba saba au nane. Kwa giaboksi iliyokaa miaka bila kuhudumiwa, napendelea kumwaga na kujaza mara tatu, ukiacha kilomita mia kadhaa katikati, kuliko mashine ya kusukuma oili kwa presha. Ukiwa umefungua sampo, angalia sumaku zilizo ndani. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Haiingii namba nne barabara kuu

Gari linafika kilomita 80 au 90 kwa saa, injini inalia juu, na mafuta yanaisha haraka.

Kwanza tazama dashibodi. Taa ya O/D OFF ikiwaka tuli, kitufe kimeminywa au kimekwama. Sifikirii kuna hitilafu ya bei nafuu kuliko hii.

Kama taa haiwaki, angalia mshale wa joto la injini. Kompyuta ya gia hairuhusu overdrive mpaka maji ya injini yafike joto fulani, kwenye nyingi ya hizi karibu nyuzi 60. Hapa ndipo magari yetu mengi yanapoumia. Gari lilipata kuchemsha siku moja, fundi akatoa themostati (valvu inayozuia maji ya injini yasiende rejeta mpaka yapate moto), akasema nchi ya joto haina haja nayo. Tangu siku hiyo injini ikitembea kwa kasi upepo unaipoza kupita kiasi, mshale unabaki robo, na asubuhi ya baridi kama ya Njombe au Limuru namba nne haiji kabisa. Mwenye gari anaambiwa giaboksi imekufa.

Fungua nyumba ya themostati uone kama imo. Ikiwemo, ipime: ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, washa jiko, na uangalie. Joto la kufunguka limechongwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82. Chini ya hapo iwe imefunga kabisa. Ikianza kutoa mwanya maji yakiwa vuguvugu, nunua nyingine. Kama ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa likichemsha, tafuta kwanza kilichokuwa kikichemsha: rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji, au gasketi ya kichwa.

Themostati ikiwa nzima, kagua sensa ya joto la maji inayopeleka taarifa kwenye kompyuta, ambayo kwenye magari mengi si ile ya mshale wa dashibodi. Baada yake njoo kwenye sensa ya throto. Kwa maltimita, volti zake zipande taratibu bila kuruka unapofungua throto polepole kwa mkono. Sensa iliyolika sehemu moja huifanya kompyuta idhani umekanyaga mafuta kwa nguvu, ikakunyima gia ya juu.

Ikiwa namba nne inaingia lakini mzunguko wa injini haushuki ile hatua ndogo ya mwisho, kinachokosekana ni loki-apu, yaani klachi inayofunga toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) isiteleze. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari. Taa za breki zikiwa zinawaka bila kukanyagwa, swichi ya breki ndiyo inayozuia, kwa kuwa kompyuta huachia loki-apu kila inapoona breki.

Inaondoka nzito, kama imeanzia gia ya juu

Umeweka D, unakanyaga, gari linajivuta kama limebeba zege. Ukiweka L linaondoka vizuri. Dalili hii ni ya kufurahia, kwa sababu karibu kila mara ni umeme.

Giaboksi hii hubadili gia kwa solenoidi mbili (valvu ndogo zinazoendeshwa kwa umeme). Zikikosa umeme zote, valvu hubaki mahali pa namba nne, na D inaondoka na namba nne. Anza na fyuzi, kisha betri na altaneta: injini ikiwa imezimwa uone volti 12.6 hivi, ikiunguruma kati ya 13.5 na 14.5. Fuata waya wa ethi kutoka betri hadi kwenye bodi na kwenye injini. Uchomoe, ukwangue kutu, uurudishe ukikaza. Halafu ingia chini uangalie plagi iliyo ubavuni mwa giaboksi. Matope, oili na maji ya mafuriko huingia humo, na waya wake hukatwa na moto wa ekzosi ukiwa umening'inia.

Kompyuta yenyewe itakusaidia ukiiuliza. Taa ya O/D OFF ikipepesa unapoendesha, imehifadhi kosa. Chini ya boneti kuna kisanduku chenye neno DIAGNOSIS. Zima gari, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hakikisha kitufe cha O/D hakijazima overdrive, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Hesabu mipepeso: minne, kituo, miwili, ni 42. Kupepesa mfululizo kwa haraka bila vituo ni hakuna kosa. Namba 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 ni solenoidi ya kwanza, 63 ya pili, 64 ya loki-apu. Soma majina ya matundu kwenye mfuniko kabla ya kuchomeka, kwa maana baadhi yana umeme wa moja kwa moja na ukiyagusanisha unaweza kuunguza kompyuta.

Ukipata 62, 63 au 64, usikimbilie kununua solenoidi. Chomoa plagi ya giaboksi na upime kila waya wa solenoidi dhidi ya bodi ya giaboksi: ohm 11 hadi 15 ni nzima. Ikiwa nzima, kosa liko kwenye waya unaotoka kwenye kompyuta. Ikiwa mbovu, solenoidi zimefungwa kwenye valvubodi (bloku ya valvu za oili ndani ya giaboksi) na hufikiwa kwa kushusha sampo tu, giaboksi ikiwa imebaki mahali pake.

Kisha kuna kipimo ambacho ningependa kila mwenye gari hili akijue. Plagi ya solenoidi ikiwa imechomolewa, giaboksi inabaki kutii mkono wa gia peke yake: L inakupa namba moja, 2 inakupa namba tatu, D inakupa namba nne, na rivasi ipo kama kawaida. Nenda kwenye barabara tupu, ondoka na L, peleka 2, kisha D. Gia hizo zote zikivuta bila kuteleza, sehemu kubwa ya ndani ni nzima na tatizo lako ni la umeme. Anayetaka kukuuzia giaboksi nyingine baada ya hapo akueleze kwanza gia hizo zimevuta vipi. Usirudishe mkono kwenye L ukiwa kasi, magurudumu ya nyuma yatajifunga.

Inachelewa kubadili na inabadili kwa kishindo, au inabadili mapema na kuteleza

Dalili hizi mbili zinazopingana mara nyingi zina chanzo kimoja: waya wa kikdauni, unaotoka kwenye throto kwenda giaboksi. Jina lake hupotosha. Kazi yake kubwa ni kuiambia giaboksi iongeze presha ya oili kiasi gani kulingana na ulivyokanyaga. Ukivutwa kupita kiasi, presha inapanda na gia zinagonga. Ukilegea, presha inashuka, gia zinaingia laini kwa utamu, na pleti zinateleza kidogo kila mara mpaka ziungue. Huu wa pili ni wa hatari zaidi maana mwenye gari hausikii ubaya. Kila injini inapobadilishwa au throto kusafishwa, waya huu ukaguliwe.

Injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho. Tazama waya unapotokea kwenye mpira wa ala yake: kuna kikomo kidogo cha chuma kilichobanwa juu ya waya. Nafasi kati ya mwisho wa mpira na kikomo hicho iwe milimita 0 hadi 1. Rekebisha kwa nati mbili zilizoshika ala. Ukiona nyuzi za waya zimeanza kukatika, badilisha waya wote, usiunge.

Waya ukiwa sawa, rudi kwenye sensa ya throto. Kishindo kikiwa kwenye gia moja tu, kwa mfano moja kwenda mbili, uchafu umekwamisha valvu au akumuleta (pistoni inayolainisha uingiaji wa gia) ndani ya valvubodi. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa otomatiki. Valvubodi ina mipira midogo ya chuma isiyo na alama, na mmoja ukirudi tundu lisilo lake giaboksi haitafanya kazi.

Ukiweka D au R, inasubiri kabla ya kushika

Pima muda. Oili ikiwa ya moto, injini ikiunguruma polepole na breki imeshikwa, kutoka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, na N kwenda R isizidi 1.5. Acha dakika moja kati ya kipimo na kipimo.

Ikichelewa kote kuwili, sababu ya kwanza ni oili kupungua, ya pili chujio lililoziba, kisha waya wa kikdauni, na mwisho pampu. Ikichelewa asubuhi tu halafu inakaa sawa siku nzima, raba za sili ndani zimekuwa ngumu kwa umri. Gari kama hilo huweza kutumika muda mrefu oili ikibadilishwa. Ikichelewa D peke yake, klachi ya mbele inachoka. R peke yake, ni klachi ya moja kwa moja au breki ya rivasi. Hapo vipimo vya nyumbani vimefika mwisho. Fundi afunge geji ya presha. Kipimo cha kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja usikifanye mwenyewe. Hata kwa wataalamu hakizidi sekunde tano, na kimeshaunguza giaboksi zilizokuwa zinapona.

Inatetemeka kwenye kasi ya kati

Mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo, kati ya 60 na 90, unaokuja ukikanyaga mafuta kidogo tu. Vinavyosababisha ni vitatu: injini kukosa mlipuko silinda moja, krosi za propela, au loki-apu. Kwenye barabara tupu, shikilia mwendo ambao mtetemo upo, kisha gusa pedeli ya breki kiasi cha kuwasha taa tu bila kupunguza mwendo. Mtetemo ukikatika papo hapo na mzunguko ukapanda kidogo, ni loki-apu. Badilisha oili kwanza. Mara nyingi hiyo inatosha. Usipokatika, kagua plagi za cheche na krosi.

Kishindo cha chini

Kugonga unapoweka D au R husababishwa zaidi na injini inayozunguka juu ikiwa imesimama, mauntingi zilizokatika, au krosi. Kugonga baada ya gari kusimama kabisa, kama umeguswa kwa nyuma, ni propela kukauka kwenye mfereji wake wa kuteleza. Piga grisi.

Inahangaika kati ya tatu na nne mlimani

Hii kwenye gari lililobeba si ugonjwa. Unapopanda Kitonga na mzigo, zima O/D mwenyewe. Kila ikiruka kati ya gia hizo inazalisha joto, na joto ndilo linaloua oili. Ikifanya hivyo kwenye tambarare bila mzigo, rudi kwenye sensa ya throto.

Simamisha gari, usijaribu kufika nyumbani

Injini inalia juu lakini mwendo haupandi, na dipstiki inanuka kuungua. Kila kilomita unayoongeza inasaga pleti na kupeleka unga wake kwenye valvubodi, kwenye konveta na kwenye kipoozeo.

Oili ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa mgando, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Kipoozeo cha oili kimo ndani ya tangi la rejeta, na kikitoboka vimiminika viwili vinachanganyika. Nissan Frontier, Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010 zilijulikana sana Marekani kwa hitilafu hii, lakini rejeta yoyote iliyozeeka inaweza kufika huko. Maji hulegeza gundi ya pleti. Zima injini hapo hapo. Ikigunduliwa mapema, rejeta mpya na kusafisha mara kadhaa vinaweza kuokoa. Ikitembea siku kadhaa, hapana. Kama umevuka mto na maji yalipanda juu ya giaboksi, pima oili kabla ya kuendelea, maana yanaweza kuingia kwa bomba la kupumulia.

Pikapu hii isivutwe kwa kamba magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Injini ikizimwa pampu haizunguki na gia za ndani zinazunguka bila oili. Ibebwe kwenye lori, au propela ya nyuma ifunguliwe kwanza. Na kusukuma ili iwake hakuwezekani.

Ikibidi kweli kufunga nyingine ya mtumba

Chukua yenye herufi na namba zilezile kwenye bati lake. A340E, A340F na A340H hazibadilishani hivi hivi kwa sababu ya transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Chomoa dipstiki yake dukani na ufanye kile kipimo cha tishu. Pima ohm za solenoidi pale pale kaunta. Mabomba ya kipoozeo yasafishwe, na rejeta ibadilishwe kama ile ya kwanza ilikufa kwa maji au kwa vumbi la klachi.

Wakati wa kufunga, kaa karibu na fundi. Toki konveta inapaswa kuingia kwenye giaboksi kwa hatua zake zote, ikisukumwa na kuzungushwa kwa mkono, kabla giaboksi haijapandishwa. Giaboksi ikikaribia injini, nyuso mbili zigusane kwa kusukuma tu, na konveta ibaki ikizunguka huru. Zikibaki na mwanya, na fundi akaanza kukaza boliti ili zivutane, mwambie asimame, ashushe, na aikalishe konveta upya. Akikaza, atapasua pampu ya giaboksi uliyoinunua leo.